Kuzuru Miembe ya Kwihara kwa Njia ya Mkato

Sogea karibu nikunong'oneze, maana wenye vitabu wakisikia watakasirika. Miembe ya Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, unaweza kuizuru kwa nusu siku bila kusoma ukurasa hata mmoja, na ukaondoka umeielewa njia ya zamani ya misafara kuliko mtu aliyekuja na begi la marejeo. Fuata hatua hizi kama zilivyo.

1. Usiende kwa miguu.

Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walitoka Kaole, pwani, mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Siku 134. Na walipoendelea kuelekea Ujiji, Burton alibebwa kwa machela kwa sababu miguu ilikuwa imekataa. Kwa hiyo kubebwa ni desturi ya njia hii, wala usione haya. Panda treni ya mwendokasi hadi Dodoma kisha umalizie kwa basi, au ukate tiketi ya treni ya zamani. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na kwa sehemu kubwa inafuata mapito yale yale ya wapagazi. Ukilala ndani yake utakuwa umeisafiri njia yenyewe huku unakoroma.

2. Chagua msimu: wa macho au wa tumbo.

Ukitaka kuona, njoo Septemba au Oktoba. Miombo imepukutisha majani, nchi nzima imekuwa rangi ya udongo, na mitundu ndiyo kwanza inachipua majani mekundu kabla hata tone la mvua halijaanguka. Katikati ya ukavu huo mwembe unabaki na kijani chake kizito. Sasa tazama dirishani. Kila unapoona kundi la kijani cheusi mbali porini, hapo pana watu au palikuwa na watu. Asili ya mwembe si Unyamwezi. Ulitoka Asia kwa majahazi, ukashuka pwani, ukapanda bara kokwa kwa kokwa, mikononi mwa waliokula embe wakatupa au wakapanda. Mtafiti anatafuta makazi ya kale kwa ramani na koleo; wewe umeyaona ukiwa umekaa, unakunywa chai.

Ukitaka kula, njoo Desemba. Matope yatakuwepo, nzi watakuwepo, na maembe yatakuwa yametapakaa chini kiasi kwamba watoto wanachagua.

3. Ingia kwa utani.

Mlango wa Kwihara si geti la makumbusho. Ni mzee aliyekaa kivulini. Mpe shikamoo yake kwanza, na kama ni asubuhi ongeza “Mwangaluka”, kisha nyamaza umwache akupime. Ukiwa Mzaramo, una bahati ambayo hela hainunui: wewe na Mnyamwezi ni watani, na utani huo ulilelewa na njia hii hii, wapagazi walipoteremka pwani na pembe za ndovu wakakaa huko wakingoja mzigo wa kurudi nao. Mwambie babu zake walikula mihogo ya babu zako na deni bado liko. Atakujibu vibaya sana, kwa furaha, na muda si mrefu utakuwa umevutiwa kigoda na kuwekewa matobolwa na karanga. Kama huna utani naye, nunua maembe kwa mjukuu wake. Njia zote mbili zinafika.

4. Nyumba ipe robo saa.

Wengi hutumia siku nzima ndani ya tembe la Livingstone, yule daktari mmisionari, wakitoka nje miembe wanaipita kama nguzo za simu. Wewe fanya kinyume. Lipa kiingilio, usitafute punguzo, msikilize mtunzaji, sifu mlango uliochongwa. Jengo lenyewe ni la kujengwa upya katika karne iliyopita, kwa hiyo usibembeleze ukuta kana kwamba Daktari aliuegemea.

Chukua jambo moja tu. Livingstone na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa amekuja kumtafuta, waliingia hapa pamoja tarehe 18 Februari 1872. Stanley akaondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi. Livingstone akabaki mpaka tarehe 25 Agosti. Zaidi ya miezi mitano, mzungu mashuhuri kuliko wote waliopita njia hii, amekaa anasubiri. Anasubiri nini? Watu wa kumbebea mizigo. Ukilishika hilo umeshika ufunguo wa historia nzima ya Tabora, na sasa unaweza kutoka nje.

5. Chagua mwembe mmoja, ukae.

Usizunguke yote. Usiulize umri pia. Kila mtu atakutajia mwembe wa enzi za misafara, na mwembe uliooteshwa kwa kokwa unaweza kweli kupita miaka mia, lakini hakuna atakayekuletea cheti chake. Uliza hivi: “Maembe ya mti huu anavuna nani?” Swali hilo linafungua ukoo mzima: nani alihama, nani alirithi, nani amekatazwa kusogea. Angalia pia miembe ilivyosimama. Iliyojikusanya ilizunguka kaya ya mtu. Iliyojipanga mstari mnyoofu ilipandwa na mwenye uwezo wa kuwaamrisha wengine.

Na kivuli kisikulaze mapema. Waliopumzika chini ya miti ya njia hii walikuwa wa aina mbili. Walikuwepo wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru wa ujira, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, wenye ujuzi na wenye kujua kugoma ujira ukipunjwa. Na walikuwepo waliopitishwa wakiwa wamefungwa shingoni, wasiojua wanapelekwa wapi. Atakayekusimulia kundi moja bila jingine, mkatize kwa heshima uulize habari za la pili.

6. Jifunze hila kwa mabingwa.

Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu, kwa sababu ufundi wote wa njia za mkato uko kwenye kisa hiki, na waliotufundisha ni Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone.

Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Watu wake wakaamua mwili urudi kwao. Wakauzika moyo chini ya mti, mwili wakaukausha juani, wakauviringisha ndani ya gome la mti, wakaanza safari. Oktoba wakafika hapa Unyanyembe. Wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta yule yule waliyembeba. Cameron akawashauri wamzike hapa hapa, yaishe. Wakakataa. Mtu ambaye kwa desturi za zama zile alipaswa kutiiwa alisema zika, na wapagazi wakasema hapana, huyu anakwenda kwao. Cameron hakuwalazimisha, ila alibaki na baadhi ya vyombo vya Livingstone vya kupimia.

Kisha, njiani kuelekea pwani, ikaja taabu ya Kasekera. Habari zikatangulia kwamba msafara unakuja na maiti, na watu wa mbele hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Ungefanya nini? Kupigana kungemwaga damu, kurudi kungemfurahisha Cameron. Wao walikata mabua ya mtama, wakayafunga kwa urefu wa mtu, wakayavika sanda, na kwa huzuni iliyopangwa vizuri wakatangaza kwamba wamekubali: mwili unarudishwa Unyanyembe kuzikwa. Watu wachache wa kuaminika wakabeba mabua yale kurudi nyuma. Giza lilipoingia wakayatawanya porini, wakaficha nguo, wakarejea kimya kimya mmoja mmoja. Na mwili halisi? Ulikwishafungwa upya ukafanana na robota la nguo la biashara, mzigo kama mizigo mingine. Ukapita mbele ya macho ya kila mtu. Februari 1874 ulikuwa pwani, na tarehe 18 Aprili ukazikwa Westminster Abbey, London.

Kama utarudi nyumbani na kisa kimoja tu, urudi na hiki. Uwaambie watoto kwamba mazishi yale makubwa ya London yalitegemea bua la mtama na akili za watu waliolipwa kubeba mizigo.

7. Picha piga mapema.

Najua utapiga, nani anakuja Tabora bila kutaka waliobaki Dar waone? Piga ukifika, shati likiwa bado safi, kisha uzime simu. Mgongo uelekee shina, si mlango wa tembe, na uso utazame kando kidogo. Jina lako usilichonge kwenye gome. Jacob Wainwright, mmoja wa watu wa Livingstone, alichonga maandishi kwenye mti wa kwa Chitambo, lakini yeye alikuwa akiweka alama ya kaburi.

Ili uonekane msomi mezani, kariri majina sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Ndiyo maeneo ambayo Tanzania iliyaorodhesha UNESCO mwaka 2006 kama njia ya kati ya biashara ya utumwa na pembe za ndovu, yakisubiri kufikiriwa urithi wa dunia. Ukiyataja kwa mfululizo bila kusita, hakuna atakayekuuliza umefika mangapi.

8. Ondoka ukiwa umelipa.

Nunua maembe ya mwembe ule ule uliokukalisha, na usibishane bei. Mti usioingiza kitu nyumbani una adui wengi: tanuri la matofali, gunia la mkaa, mtu anayetaka kiwanja. Miombo ya mkoa huu inaliwa kila mwaka na majiko ya kukaushia tumbaku, na mwembe mzee hauna mlinzi zaidi ya mama anayeuza matunda yake kwa sado. Mpe hela. Kama si msimu, nunua asali kwa jirani yake. Asali ya Tabora inatoka kwenye maua ya miombo hiyo hiyo, na mrina asali ni mtu mwenye sababu ya kila siku ya kutaka mti usimame.

Halafu mwite bodaboda mapema, mkubaliane bei kabla hujapanda, urudi mjini. Ukiwa na siku ya ziada, treni ya Kigoma itakufikisha karibu na Ujiji, ambako miembe iliyopo inasemekana ni uzao wa ule walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871. Pale pia anza na mzee aliyekaa kivulini.