Imezimwa, Haijazimika

Laptopu yangu asubuhi haitaki kuamka, usiku haitaki kulala. Ningekuwa na mtoto wa hivyo ningeshampeleka kliniki.

Asubuhi nabonyeza kitufe, taa inawaka, nembo inatokea, halafu kinakuja kile kiduara cha kuzunguka. Nabandika chai. Chai inachemka, naipoza, nainywa, naosha na kikombe. Kiduara kipo. Hatimaye inatokea picha ya Mlima Kilimanjaro niliyoiweka mwenyewe, nami nafurahi bure, kwa sababu ni picha tu. Ukigusa faili lolote, mashine inakutazama kama haijawahi kukuona.

Jioni ndiyo kasheshe. Naagiza izime, nayo inajibu kwamba kuna programu inazuia. Programu gani? Ya printa! Printa yenyewe ilishakufa, ikachukuliwa na wale vijana wa vyuma chakavu, lakini programu yake imebaki humo ndani inakaa eda. Nikifunika mfuniko kwa hasira na kuitia kwenye begi, nikifika nyumbani naitoa ya moto na feni inavuma. Njia nzima haikulala.

Mtaani kwetu kila mtu ni daktari wa kompyuta. Shemeji kasema ni virusi, niongeze antivairasi ya pili. Sasa zipo mbili, zinachunguzana zenyewe kwa zenyewe. Jirani kasema nibane kitufe cha kuwashia hadi ikate roho. Kweli inakata, ila na barua uliyokuwa hujaihifadhi inakwenda nayo. Fundi wa Kariakoo hata hakuifungua. "Mzee wangu, hii tuipige Windows upya, basi." Kwake yeye kila ugonjwa dawa yake ni hiyo, kibodi ikiingia maji, piga Windows. Nikamuuliza mafaili yangu itakuwaje. "Kwani huna bakapu?" Nikabeba laptopu yangu.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu, binti wa kidato cha sita, aliyekuja kuomba nauli. Alibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, akafungua orodha ya programu zinazoamka pamoja na mashine. Ilikuwa ndefu kuliko kamati ya harusi. "Mjomba, hawa wote umewaalika wewe?" Kulikuwa na ya mikutano ya video, ya muziki nisiousikiliza, na ile ya marehemu printa. Karibu zote akaziambia zisubiri hadi ziitwe. Ya printa akaifuta kabisa, pamoja na ile antivairasi ya shemeji.

Kisha akanieleza jambo lililonikera kuliko yote. Tangu Windows 8, ya mwaka 2012, ukiagiza kompyuta izime, kwa kawaida haizimi sawasawa. Inafunga programu zako, lakini kiini cha mfumo inakihifadhi kwenye diski ili kesho iwahi kuamka. Inayoanza upya kikweli ni ile amri ya kuwasha upya. Yaani ukitaka izime kabisa, iambie iwake! Na kama kuna kitu kilichokwama kwenye kiini hicho, kesho unaamka nacho, keshokutwa unaamka nacho. Miaka yote hii mtu unazima, unaaga, unafunga mlango, kumbe mwenzako amefumba macho tu.

Binti akaingia kwenye mipangilio ya umeme, akaiondoa hiyo hila. Tukajaribu kuizima. Ikazima! Kiduara kikazunguka kidogo, kioo kikawa cheusi, feni ikanyamaza. Nikampa nauli na ya soda juu.

Asubuhi nikaiwasha. Chai ikachemka, ikapoa, ikanyweka. Nikampigia simu. "Ndiyo, Mjomba, ile hila ndiyo ilikuwa inaiwahisha kidogo. Sasa inaanza kila kitu upya." Akaniambia tatizo lililobaki ni diski yenyewe, ya zile za sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na sindano inayokimbia huku na huko kutafuta mafaili. Dawa yake ni kuweka SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka. Nikauliza bei dukani, nikakumbuka ada ya shule, nikaaga kwa adabu.

Kwa hiyo laptopu yangu sasa inazimika vizuri kabisa, nami nimeacha kuizima.