Salio Lako Ndilo Shahidi

Mpwa wangu alinipigia simu saa nne kasoro usiku. Hakusalimia, na huyu ni kijana ambaye shikamoo yake hutangulia pumzi. "Mjomba, nimepigwa," akasema. Alikuwa ameuza USDT 300, sarafu za kidijitali zinazofuata thamani ya dola, kwa mtu aliyekutana naye kwenye kundi la Telegram, mtu mwenye maneno ya asali, "kiongozi" huku, "mkuu wangu" kule. Ujumbe wa malipo uliingia, kijana akatuma sarafu, na kufumba na kufumbua yule mkuu alishamfungia mawasiliano.

Nikamwambia aje na simu. Tuliusoma ujumbe ule pamoja chini ya taa ya jikoni. Ulikuwa umekamilika: kiasi mpaka senti, namba ya muamala, jina la mtumaji, tarehe na saa, na mwishoni salio jipya. Hapo kwenye salio ndipo uongo ulipokaa uchi. Kabla ya biashara kijana alikuwa na shilingi 112,000 kwenye simu. Ujumbe unasema amepokea 780,000, na salio lake jipya ni 781,450. Zile laki na ushei zimekwenda wapi? Tapeli anajua kuandika ujumbe, lakini hajui ulichokuwa nacho mfukoni.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili yake, na kwa kila anayeuza au kununua sarafu za kidijitali na mtu asiyemjua. Matapeli nitawakejeli humu, wamestahili. Aliyeibiwa sitamcheka hata kidogo, maana kicheko hicho ndicho kinachowanyamazisha watu, na ukimya wao ndio mtaji wa tapeli wa kesho.

Anza kwa kuelewa unachokishika. Pesa ya simu ina kampuni nyuma yake. Ukikosea namba unapiga huduma kwa wateja, na kama haijatolewa wanaweza kuizuia. Bitcoin haina dawati la kulalamika. Tangu ilipoanza Januari 2009 imejengwa hivyo: muamala ukishathibitishwa na mtandao wake, hakuna meneja wa kumbembeleza. Kwa hiyo mkikutana watu wawili, mmoja ameshika kitu kinachoweza kuzuiwa au kubishaniwa, mwingine ameshika kisichorudi. Muuzaji wa sarafu ndiye mwenye kisichorudi, na tapeli humwendea huyo kwanza kama nzi kwenye embe.

Biashara hii ilianza kwa imani tupu. Tarehe 22 Mei 2010, Laszlo Hanyecz wa Florida alitoa bitcoin 10,000 akapata pizza mbili. Watu huisimulia habari hiyo wakihesabu utajiri alioukosa. Mimi namfikiria zaidi Jeremy Sturdivant, kijana wa California aliyemwagizia pizza hizo. Walikuwa watu wawili waliojuana kwenye intaneti tu, na ilibidi mmoja amwamini mwenzake. Sarafu zile zote wakati ule zilikuwa na thamani ya dola kama 41. Kwa dola 41 unaweza kumwamini mgeni. Kwa mshahara wa miezi miwili, usimwamini.

Ndiyo maana yakaja masoko yenye amana. Muuzaji anaweka sarafu, soko linazifunga, mnunuzi analipa kwa simu au benki, muuzaji anahakikisha pesa imeingia, kisha anaachia. Wakigombana, soko linaamua kwa kuangalia ushahidi. Kaa ndani ya amana hiyo. Tapeli akiiona huwashwa mwili mzima: atakuambia ada ni kubwa, mhamie WhatsApp, atakuongezea shilingi hamsini kwa kila dola. Anakuomba utoke kwenye sebule yenye taa mkazungumzie uchochoroni, na bado anatarajia umwone mstaarabu. Mkatalie. Soko lenyewe nalo lihakikishe liko hai. LocalBitcoins ya Finland, iliyokuwa maarufu tangu 2012, ilifunga biashara mwaka 2023. Anayekuambia leo mkutane huko anakuuzia marehemu.

Kwenye makundi ya Telegram yuko mtu wa kati, anayejiita msimamizi, ambaye atashika pesa za wote wawili. Ana picha ileile ya msimamizi wa kweli na jina lilelile, isipokuwa herufi moja. Huyo msimruhusu kushika hata kalamu yenu.

Sasa turudi kwenye salio, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Ujumbe wa simu ni karatasi aliyokuletea mtu mlangoni. Skrinishoti ni mchoro. Sauti ya mtu anayejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, akisema malipo yako yamekwama hadi uachie sarafu, ni sauti tu. Usikitazame anachokuonyesha, tazama cha kwako: fungua mwenyewe programu ya pesa za simu, au kama ni M-Pesa ya Tanzania piga *150*00#, ingiza namba yako ya siri, uangalie salio. Fanya hivyo hata kama ujumbe umeingia kwa jina unalolifahamu. Fanya hivyo hata kama mnunuzi anapiga simu mara ya sita akisema mama yake yuko wodini anasubiri dawa. Kama mama yuko wodini kweli, atapona zaidi kwa dakika mbili zako za uangalifu kuliko kwa USDT.

Watanzania tuliwahi kupitia darasa hili bure, tulipoanza kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Aliyeuandika hakukujua. Aliwatumia watu wengi, akimtegea yule mmoja ambaye kweli siku hiyo alikuwa anakaribia kutuma kodi ya nyumba. Mtego ni uleule kwenye sarafu: mwenye haraka ndiye anayenasa.

Lakini nenda hatua moja zaidi, kwa sababu kuna wizi ambao salio lako linakuwa la kweli kabisa na bado umo hatarini. Huo ndio unaonitia uchungu zaidi, maana unamliza mtu wa tatu. Unakwenda hivi. Tapeli anaweka mtandaoni tangazo la friji, kwa bei nzuri, na picha aliyoiiba mahali. Dada mmoja anaipenda. Wakati huohuo tapeli anakuja kwako kununua USDT, na bei ya friji ile kailinganisha na kiasi anachonunua kwako. Wewe unampa namba yako ya simu ili akulipe, yeye anampa yule dada namba hiyohiyo, "ni ya mhasibu wetu." Dada anatuma. Wewe unaangalia salio, pesa imo, unaachia. Tapeli anaondoka na sarafu bila kugusa shilingi. Friji haifiki. Dada anakwenda polisi na namba aliyotumia pesa, na namba hiyo ni yako, imesajiliwa kwa jina lako na alama za vidole vyako.

Dawa yake ni jina. Kwenye soko lenye amana mnunuzi ana jina lililothibitishwa kwa kitambulisho, na jina la mtumaji wa pesa lazima lifanane nalo. Likitofautiana, simama. Atakuambia ni simu ya mke wake, ni wakala, laini yake imefungwa. Usiachie. Fungua shauri ndani ya soko, na pesa irudi kwenye namba ileile iliyotoka. Akikupa namba nyingine ya kurudishia, sasa anataka kumwibia dada yule kwa mkono wako. Hifadhi mazungumzo yote, usifute kitu hata kama kimekutia aibu.

Upande wa mnunuzi nao una mbuzi wake wa kwenye gunia. Mtu yeyote anaweza kutengeneza sarafu kwenye mtandao wa Tron akaipa jina USDT na alama yake ya kijani. Pochi yako itaonyesha 500 na hutaweza kununua nazo hata andazi. USDT ya kweli kwenye Tron ina mkataba wake wenye anwani moja tu, inayoanza na herufi TR7NH. Linganisha anwani nzima na ile iliyo kwenye tovuti ya Tether, kampuni inayoitoa. Jina na picha yaache, hayo anayaweka yeyote.

Anwani zina ujanja mwingine. Tapeli hutengeneza anwani inayofanana na ya rafiki yako mwanzoni na mwishoni, kisha hukutumia muamala mdogo au wa sifuri ili ikae kwenye orodha yako ya karibuni. Siku ukinakili kutoka kwenye orodha hiyo, umemtumia yeye. Mei 2024 mtu mmoja alituma hivyo bitcoin 1,155 za mtandao wa Ethereum, zenye thamani ya dola kama milioni 68. Alibahatika, mwizi alirudisha mali hiyo baada ya mazungumzo. Usitegemee bahati hiyo. Soma herufi za katikati. Kwa mtu mpya tuma kiasi kidogo kwanza, subiri akuthibitishie, ndipo utume kilichobaki.

Maneno kumi na mawili ya siri ya pochi hayaombwi na mtu yeyote mwema, mimi mjomba nikiwemo. Hata hivyo kuna tapeli anayefanya kinyume: anakupa yeye ya kwake. "Ndugu, mimi mgeni wa mambo haya, nina USDT 2,000 kwenye pochi, maneno yangu ya siri haya hapa, nisaidie kuzitoa." Unafungua, unazikuta kweli, ila hakuna TRX, sarafu ya mtandao wa Tron, ya kulipia ada. Unaweka TRX ya elfu ishirini na kitu ili uzihamishe, nazo hazihamishiki, maana ruhusa ya pochi ile ameifunga kwa ufunguo mwingine alionao yeye. TRX yako inachukuliwa mara moja. Nakuomba ukikutana na tangazo hilo usijaribu hata kwa kutazama, kwa kuwa limeundwa liguse tamaa ndani ya mtu mwaminifu.

Mkikutana ana kwa ana, iwe ndani ya ukumbi wa benki, mchana, na noti zihesabiwe kaunta. Anayependekeza gari lililopaki Kariakoo lenye vioo vyeusi, mwache na gari lake.

Ukishapigwa, kimbia, usikae ukijilaumu. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na wengi kwa sababu hiyo huogopa kwenda kituoni wakidhani watakamatwa wao. Wizi unabaki wizi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu wa kompyuta kuwa kosa, na tangu 2024 serikali yenyewe inakata kodi ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako wa simu saa hiyohiyo. Ripoti namba ya tapeli kwa ujumbe kwenda 15040. Chukua namba ya muamala wa sarafu na anwani zilikokwenda, uzipeleke polisi na kwenye soko. Ikiwa ni USDT, kampuni ya Tether ina uwezo wa kuzifungia zikiwa kwenye anwani ya mwizi, na imefanya hivyo mara nyingi kwa maombi ya vyombo vya dola. Kila saa unayochelewa inampa nafasi ya kuzibadilisha. Na ndani ya siku chache atakuja mtu mwingine, fundi wa kurudisha sarafu zilizopotea, anayetaka malipo kidogo kwanza. Wakati mwingine ni yuleyule aliyekuibia, amebadilisha shati.

Mpwa wangu hakurudishiwa zake 300. Aliendelea na biashara, ila kwa mwendo mwingine. Jumamosi moja alikuwa kwangu, anauza USDT 150 ndani ya soko lenye amana. Simu ikalia kwa ujumbe. Akaweka kikombe chini, akaingia kwenye salio lake, akahesabu kwa kidole: 390,000 imeingia kweli. Kisha akasoma jina. Mnunuzi alikuwa mwanamume. Pesa imetoka kwa mwanamke. "Ni ya mke wangu, mkuu, achia tu," yakaja maandishi. Kijana hakuachia. Mnunuzi akatukana, akabembeleza, akatukana tena. Mpwa wangu akafungua shauri, akapakia picha za majina yote mawili, akaendelea na chai yake.

Robo saa baadaye ile namba iliyotuma pesa ikapiga. Akaweka sauti kubwa ili nami nisikie.

"Habari yako kaka," ilikuwa sauti ya mwanamke wa makamo. "Mimi ndiye niliyetuma ile laki tatu na tisini. Nilitaka kujua, friji yangu imeshapakiwa kwenye basi la Morogoro?"

Kijana akanitazama, kisha akaivuta simu karibu na mdomo.

"Shikamoo mama," akasema. "Pesa yako ipo, haijaguswa. Friji ndiyo haipo. Naomba usikate simu."