Shangazi Bisibisi: Ya Ndoa Muamue Wenyewe, Feni Ileteni Hapa

Safu za ushauri zimejaa waliosalitiwa, waliodhulumiwa mahari na waliokosana na mawifi. Shangazi Bisibisi hana muda na hao. Barua zake zinatoka kwa waliosalitiwa na koki, waliodhulumiwa na rimoti na waliokosana na zipu. Vifaa vyake vyote vinaenea kwenye kopo la maziwa ya unga: bisibisi mbili, plaizi, tepu nyeupe ya mabomba, kipande cha msasa, penseli na mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa vipande virefu. Kabla ya kumjibu yeyote huuliza kwanza: kilichoharibika hasa ni nini? Maana anayekuja analia kwamba feni imekufa, mara nyingi ana feni nzima yenye kidude kimoja kibovu.

*Shikamoo Shangazi. Koki ya jikoni inadondosha usiku kucha: to, to, to. Kila mtu humu ndani anaikaza kwa nguvu zake zote, na sasa anayeweza kuifunga ni kijana wetu wa kidato cha nne peke yake, naye yuko bweni. – Mama Asiyelala, Tabata*

Marahaba. Shangazi anaanza na hesabu ili mama akose usingizi kwa sababu ya maana. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inatoa matone 86,400 kwa siku. Tone la koki ni kama robo mililita, kwa hiyo kesho saa kama hizi lita 21 na ushei zitakuwa zimepotea. Kwa mwezi ni zaidi ya ndoo 30 za lita 20, na mita inazisoma zote.

Mkosaji ni washa, kile kipande cha mpira kilicho ndani ya koki, ambacho kazi yake ni kukandamiza tundu maji yasipite. Kikichakaa, maji yanapata upenyo. Kukaza kwa nguvu hakumsaidii mtu: mpira unazidi kukatwa, na mwishowe hata chuma unachokalia kinalika.

Mama afunge maji kwenye geti valvu iliyo karibu na mita au chini ya tangi, kisha afungue koki maji yaliyobaki yaishe. Halafu, kabla hajashika bisibisi, azibe tundu la sinki kwa kitambaa. Skrubu ya koki ni ndogo na inapenda kutumbukia, na ikishatumbukia, barua ya wiki ijayo itahusu sinki. Baada ya hapo abandue kile kifuniko chenye alama ya bluu au nyekundu, afungue skrubu, avue mkono wa koki, kisha afungue shingo yake kwa spana. Washa iko mwishoni mwa kijiti kinachotoka. Aende nayo dukani mkononi, kwa sababu akiomba “washa ya kawaida” muuzaji atampa iliyo ya kawaida kwake yeye muuzaji. Angalizo moja tu: koki za kisasa za mkono mmoja, zile za kuinua na kushusha, nyingi hazina washa ya namna hii. Ndani mwake mna kifaa chenye visahani vya kauri, nacho hubadilishwa chote.

*Shangazi, tumekuwa pamoja miaka sita. Siku hizi nikimwasha ananguruma tu, hazunguki. Mpaka nimsukume kwa kidole ndipo anaanza, na nikimsukuma kinyume anazunguka kinyume! Je, bado ananipenda? – Mwenye Joto, Kisauni, Mombasa*

Mapenzi yapo, kilichokwisha ni kapasita. Mota ya feni ya nyumbani haiwezi kuamua yenyewe izungukie upande gani. Kapasita ndiyo inayoipa msukumo wa kuanzia na kuielekeza. Ikichoka, umeme unafika kwenye koili, mota inanguruma, lakini mapanga yanabaki yamesimama yakisubiri kidole. Hilo la kuzunguka kinyume ndilo linaloelekeza lawama kwenye kapasita.

Hata hivyo Shangazi anataka uhakika. Feni ichomolewe kwenye umeme, mapanga yazungushwe kwa mkono. Yakizunguka laini na kuendelea kidogo yenyewe, kapasita ndiyo ya kulaumiwa. Yakiwa mazito, tatizo ni vumbi na mafuta yaliyokauka kwenye ekseli. Hapo inatosha kufungua, kupangusa na kudondosha matone machache ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hayafai, yakipata joto yanaganda na kuwa ulimbo.

Kapasita ya feni ya mezani au ya kusimama ni kiboksi kidogo chenye nyaya mbili, na ubavuni kimeandikwa namba, kwa mfano mikrofaradi 1.5. Mpya iwe na mikrofaradi zile zile, na volti zake zisipungue zilizoandikwa kwenye ya zamani. Kabla ya kuigusa, ncha za nyaya zake zikutanishwe kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki, maana kapasita inaweza kuwa imetunza umeme hata baada ya feni kuchomolewa. Asiyetaka hayo ampe fundi. Ni kazi ya dakika chache. Asichoruhusiwa ni kuiacha feni ikinguruma usiku kucha bila kuzunguka. Koili itapata moto na kuungua, na feni itakuwa imekufa kweli.

*Shangazi, rimoti ikigoma huwa natoa betri naziuma kwa meno, au naanika juani. Zinafanya kazi siku mbili zinazima tena. Mjukuu ananicheka. – Mzee wa Taarifa ya Habari, Dodoma*

Mjukuu apunguze kicheko, babu hajakosea kabisa. Joto huharakisha kemia ndani ya betri, ndiyo maana iliyoanikwa hurudisha uhai kidogo. Ila ni uhai wa kukopa. Tena betri nyingi za bei nafuu zina gamba la zinki, na zinki hiyo ndiyo inayoliwa kila betri inapotoa umeme. Kwa hiyo betri iliyokwisha huwa na gamba jembamba kuliko ilivyonunuliwa, na hilo ndilo babu analolipeleka kwenye meno. Likitoboka, uji wa kemikali unaishia mdomoni au ndani ya rimoti.

Kuna kipimo kisichohitaji meno. Afungue kamera ya simu, ile ya kujipigia picha, aielekezee kitaa cha mbele cha rimoti na abonyeze kitufe chochote. Macho ya binadamu hayaoni mwanga wa rimoti, lakini kamera nyingi zinauona: kitaa kitamemeta rangi ya zambarau au nyeupe. Kikimemeta, rimoti ni nzima na uchunguzi uhamie kwenye televisheni. Kisipomemeta, aweke betri mbili mpya, zote kwa pamoja, asichanganye mpya na kuukuu. Kama bado kimya, aangalie vile vyuma vinavyogusana na betri. Ukoko mweupe au wa kijani hukwanguliwa kwa msasa kisha hupanguswa kwa kitambaa chenye spiriti.

*Ndoo yangu imepasuka ubavuni. Nimemwagia supa gluu chupa tatu. Vidole vimegandana, ndoo bado inavuja. – Mvuvi wa Nchi Kavu, Mwanza*

Vidole kwanza: vilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na viachanishwe taratibu. Kiondoa rangi ya kucha chenye asetoni nacho husaidia.

Sasa gundi. Supa gluu ilizaliwa kwa bahati. Mwaka 1942 mkemia Mmarekani Harry Coover alikuwa akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki, akapata kitu kilichonata kila kilipogusa, akakitupa kando kama kero. Ikafika 1958 ndipo kampuni ya Eastman Kodak ilipoanza kukiuza. Gundi hiyo huganda kwa kukutana na unyevu, ndiyo maana inashika vidole upesi kuliko kitu kingine chochote. Lakini ndoo nyingi zimetengenezwa kwa polietilini au polipropilini, plastiki zenye uso ambao gundi hii haishiki. Hata chupa ya nne isingesaidia.

Dawa ya ndoo ni moto. Kwanza, penye ncha ya ufa patobolewe tundu dogo kwa msumari uliopashwa, ili ufa usiendelee kukimbia. Kisha kisu kikuukuu kipashwe na kupitishwa juu ya ufa mpaka kingo ziyeyuke, huku kipande cha ndoo nyingine ya plastiki ya aina ile ile kikiyeyushwa kuongezea nyama. Kazi ifanyikie uani penye upepo, kwa sababu moshi wake si wa kuvuta. Ndoo hiyo ibaki ya kudekia. Isibebe maji ya moto wala ya kunywa.

Na wapenzi wote wa supa gluu wasiipanguse kwa pamba wala kitambaa cha pamba. Inapokutana na pamba hutoa joto kali, kiasi cha kuunguza ngozi na wakati mwingine kutoa moshi.

*Simu ilidumbukia kwenye beseni. Imelala kwenye mchele siku mbili, tena mchele wa Kyela ili ipone upesi. Je, tuupike? – Familia Yenye Njaa, Morogoro*

Mchele upikwe, baada ya kuoshwa vizuri. Simu haikuwa na haja nao. Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wateja wake wasiweke simu zilizolowa kwenye mfuko wa mchele, kwani chembe zake zinaweza kuingia na kuziharibu. Simu iliyolowa huzimwa, hupigwapigwa polepole kiganjani tundu la chaji likiangalia chini, kisha huachwa pakavu penye hewa inayopita. Isichajiwe mpaka ikauke kabisa. Iliyodumbukia baharini haina subira hiyo. Chumvi huanza kula vyuma mapema, kwa hiyo iende kwa fundi siku hiyo hiyo.

*Chaja yangu ina miguu miwili, soketi ina matundu matatu. Nachokonoa tundu la juu kwa kalamu, chaja inaingia. Mwenzangu chumbani anatumia ufunguo. Nani yuko sahihi? – Mwanachuo, Nairobi*

Hakuna. Soketi za Kenya, Tanzania na Uganda zinafuata kiwango cha Uingereza kilichotolewa mwaka 1947, na ndani yake mna vizibo vinavyofunika matundu mawili yenye umeme. Mguu wa juu wa plagi, ule wa ati, umerefushwa makusudi ili uingie kwanza na kuvifungua. Vizibo vimewekwa ili vidole vya watoto na misumari yao isifike kwenye umeme, na kalamu inaondoa kinga hiyo. Mwenye ufunguo ana hatari zaidi: nyaya zikiwa zimeunganishwa vibaya, tundu la ati linaweza kuwa na umeme, naye kashika chuma. Isitoshe, miguu ya duara inacheza ndani ya matundu ya pembe nne. Inatoa cheche, inapata moto, plastiki inayeyuka. Anunue adapta yenye fyuzi.

Kuhusu fyuzi, Shangazi hataki tena kusikia habari za karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara kuwekwa mahali pake. Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampia 9, na fyuzi ya 13 inalibeba. Nyaya zikigusana, fyuzi inakatika. Karatasi ile haina kipimo kinachojulikana, hivyo kinachoungua badala yake ni waya, kisha pazia.

*Zipu ya begi la mtoto inapita vizuri lakini inaacha meno yametengana nyuma yake. Nishone mpya ya kutosha mwaka mzima? – Baba wa Darasa la Tatu, Arusha*

Uzi uwekwe kando kwanza. Meno yakiwa yote yapo, mbovu ni kile kichwa kinachotelezeshwa. Mabamba yake mawili yamepanuka kwa kuvutwa, hayana tena nguvu ya kuyabana meno yashikane. Baba arudishe kichwa mwanzo wa zipu, akibane kwa plaizi ubavu mmoja, kisha wa pili, kidogo kidogo, huku akijaribu kila mara. Akibana kwa hasira kitavunjika, maana vichwa vingi ni vya madini mepesi yasiyopenda kukunjwa. Ikiwa zipu ni nzito tu, meno yasuguliwe kwa penseli. Penseli hiyo hiyo inafaa kwa kufuli zinazokwama kwa kutu ya pwani: unga wake unalainisha bila kunasa mchanga, tofauti na mafuta.

Barua za mtungi wa gesi zinajibiwa zote kwa pamoja. Anayehisi uvujaji apake povu la sabuni kwenye mpira na kwenye maungio; mapovu yakivimba, hapo ndipo panapovuja. Kiberiti si kipimo. Harufu ikiwa kali, afunge valvu, afungue milango na madirisha, asiguse swichi wala kuwasha taa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kujikusanya chini. Mpira uliopasuka hauzibwi kwa tyubu wala tepu, unabadilishwa.

*Shangazi, mume wangu kila akisoma safu yako anafungua kitu. Hadi sasa ni pasi, redio na kitasa cha mlango wa nyuma. Amevirudishia vyote, na skrubu nne zimebaki. Anasema zilikuwa za ziada. – Aliyeolewa na Fundi, Tanga*

Viwandani hakuna skrubu za ziada. Pasi isichomekwe mpaka ifunguliwe tena na waya wa njano na kijani uonekane umefungwa kwenye chuma chake. Asipokumbuka ulikotoka, pasi iende kwa fundi umeme. Kuanzia leo bwana apige picha kwa simu kila hatua, na apange skrubu kwenye trei ya mayai kwa mfuatano wa kuzifungua, kisha azirudishe kwa kuanzia ya mwisho. Asilazimishe ndefu kwenye tundu la fupi, itatokeza upande wa pili. Zile nne zipimwe kwenye kitasa kwanza, kabla giza halijaingia.