Jambo, yaya. Uko?

Kwetu Kasongo, Kongo, salamu haifupishwi. Unaulizia wazee, watoto, mbuzi, shamba la mpunga, ndipo neno lenyewe linaanza. Mkikutana barabarani ni raha. Kwenye WhatsApp ni adhabu, kwa sababu mdogo wangu aliye Kabambare hutuma kila swali peke yake, kisha anangoja.

"Jambo, yaya."

Jambo.

"Watoto wazima?"

Wazima.

"Uko?"

Niko! Lakini kabla hajasema shida yake mtandao umemkimbia, au chaji imemwishia na kijana wa kuchaji simu kwa paneli za jua amekwisha kufunga. Kesho anaanza upya: "Jambo, yaya."

Na uniti zenyewe si za bure: tulilalamika sana juu ya RAM, ile kodi ya simu iliyotafuna uniti zetu kuanzia mwaka 2020 mpaka ikaondolewa mwaka 2022. Walalamikaji hao hao ndio wanaotumiana maua. Ijumaa Waislamu wanaleta "Juma Mubaraka" yenye waridi linalometameta. Jumapili Wakatoliki wanajibu kwa njiwa na mshumaa. Mimi nina ndugu msikitini na parokiani, kwa hiyo mega zangu husali mara mbili kwa juma.

Aprili 2020 WhatsApp ilijaribu kutuokoa: ujumbe uliokwisha kuzungushwa mno usitumwe ila mahali pamoja kwa mara moja. Haikumjua shangazi yetu wa Buyenzi, Bujumbura. Dawa yake ya vitunguu na maji moto anaipeleka grupu kwa grupu, kwa subira ya mtu anayechambua mawe kwenye mchele.

Ila kinachonishinda kabisa ni misiba isiyo na jina. Mtu anaweka picha ya mshumaa, haandiki kitu, na watu wanamiminika: "Pole sana." "Mungu amlaze pema." Hakuna anayeuliza ni nani, maana kuuliza ni kukubali kwamba hujui habari za ukoo wako. Walokele wa Kisangani, waliopelekeana habari kwa ngoma ya mti, walimtaja kwa jina wanayemwita. Sisi tuna skrini za rangi na hatumtaji hata marehemu.

Mwaka jana mshumaa mmoja ulitumwa Jumapili kutoka kijijini, ukafika kwenye grupu la ukoo Jumanne, bila njiwa. Buyenzi wakalia. Ndugu wa Ujiji, ambao hawachezi na hesabu, wakafungua mchango, kila jina na kiasi chake. Mzee mmoja wa Kindu akatuma ujumbe mrefu wa sauti wa kumsifu marehemu, bidii yake, ukarimu wake, pasipo kumtaja. Tulitokwa machozi kweli. Ilikuwa hotuba nzuri.

Baadaye mwenye mshumaa akatoka shambani, akapanda kilima chenye mtandao, akasoma yote, akaandika: "Jamani, poleni sana. Na mimi niandikeni elfu tano. Ila nani ametutoka?"