Sifa za Mtaro wa Mtaa Wetu

Washairi wamekwisha kuyasifu maji ya Lualaba, na wasafiri wamekwisha kuisifu reli, wala hapana msikiti wala kanisa hapa Kindu lisilokuwa na mtu wa kulitukuza; lakini mtaro ule mwembamba unaopita kando ya njia yetu, huku upande wa Kasuku, wenye rangi isiyokuwa na jina na harufu isiyohitaji kuelezwa kwa aliyepita saa saba mchana, haujapata hata siku moja mtu wa kuuandikia neno la heri. Dhulma hiyo nimenuia kuiondoa, kwa kuwa katika mambo yote ya mtaa huu, ya kila mwezi na ya kila mvua, sijaona serikali yenye kudumu, na yenye kumjua kila raia wake kwa mabaki ya sahani yake, kama mtaro.

Na itazamwe sheria kwanza. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, iliyougawa utawala kwa miji, komuni, sekta na usultani, ikavipa vyote hivyo baraza na hazina, haikuutia mtaa katika hesabu. Hivyo Kasuku, Mikelenge na Alunguli, komuni za mji wetu, zina haki ya kuwa na sanduku la fedha, bali mtaa, yaani kartie, hauna, na bwana shefu wa avenyu, mkubwa wa njia yetu, hana ila daftari, kalamu na sauti yake. Pasipokuwa na hazina, ni nani awezaye kuwakusanya watu? Mkutano hutangazwa, wakaja watu watatu, na wawili kati yao walikuwa wakipita tu. Lakini mtaro ukifura usiku mmoja na kuingia majikoni, alfajiri utawakuta wote, Mwislamu na Mkatoliki, mwenye duka na mwenye kudaiwa na duka, wamesimama ukingoni na majembe yao, wala hawakupigiwa mbiu.

Hapo ndipo ifanyikapo salongo, ile kazi ya pamoja tuliyoirithi tangu zama za Mobutu, ambayo kwa kanuni ni ya kila Jumamosi, na kwa hakika ni ya mara moja kwa mwezi, mwezi wenyewe ukiwa na bahati. Vijana hukunja suruali wakateremka, na koleo zikaanza kuopoa: makumvi ya mpunga, makapi ya chikichi, betri zilizokufa, vifuko vya maji ya kunywa, na kandambili ya mguu wa kushoto (ya kulia haipatikani kamwe, na jambo hilo wanachuoni walitazame). Tope hulundikwa papo hapo ukingoni, maana gari la kulichukua hapana na shimo la kulitupia liko mbali. Watu hunawa miguu, hugawana lawama na sigara, na bwana shefu huandika majina ya waliohudhuria kwa mwandiko mzuri na ya wasiohudhuria kwa mwandiko mzuri zaidi. Kisha mvua hunyesha, na kila kilichotolewa hurudi mahali pake, hakikupungua wala hakikuzidi. Ni benki gani katika Jamhuri hii irudishayo amana kwa uaminifu huo?

Na ufasaha wa lugha, je, tungaliupata wapi? Nimemsikia jirani wa bondeni akimwambia wa mlimani, kwa upole uliojaa sumu, "Dada, taka zako zimelala kwangu," naye akajibiwa, "Kaka, mimi nilizituma mtoni, kama zimeshukia kwako njiani, ni wewe uliyezikaribisha."

Wako wanaousingizia malaria. Tangu daktari Ronald Ross alipoifichua siri ya mbu huko India mwaka 1897, kila shimo lenye maji limekuwa mshitakiwa; lakini wajuzi wenyewe hukiri kwamba anofelesi, mbu wa malaria, hupendelea maji safi yaliyotuama, kama ya mashimo palipochimbwa udongo wa matofali, na maji machafu humwachia ndugu yake kuleksi, ambaye hapa kwetu anajulikana zaidi kwa zumari yake sikioni. Basi mtaro wetu, kwa fadhila ya uchafu wake, humfungia mlango adui mkubwa, na mwenye kuusafisha nusu nusu, kama tufanyavyo sisi, aangalie asije akamtandikia kitanda.

Ama katika safari, hauna mfano. Mwenye kwenda Kisangani hana budi kushuka na mto kama kilomita 300 hadi Ubundu, na hapo, kwa sababu ya maporomoko, aache chombo, aitafute reli ya kilomita 125, na kuingojea reli ni ibada inayojitegemea. Kifuko cha plastiki kilichoangukia mtaroni kwetu siku ya gharika hakikati tikiti wala hakionyeshi karatasi kwa askari: huingia Lualaba, hupita Ubundu, huyaruka maporomoko ya Boyoma, na huenda kikauona mji wa Kisangani kabla ya ndugu zetu tuliowaaga wiki iliyopita.

Tena, Lualaba mbele ya mji hauna daraja, na mtu wa Alunguli, ng'ambo ya pili, angali akivuka kwa mtumbwi. Mtaro, kinyume chake, una daraja mbele ya kila mlango, hapa ubao wa kabati, pale taruma la reli lililofika kwa njia ambayo haiulizwi, kule vigogo viwili vya mchikichi ambavyo mgeni huvivuka akisoma dua na mwenyeji akichezea simu.

Mwezi huu pametolewa shauri kwamba tuchange ili mtaro ufunikwe kwa zege. Michango imeandikwa yote, haijalipwa hata mmoja, kwa hiyo sina wasiwasi mkubwa. Ila kama fedha zitapatikana, ninaomba iachwe wazi ile sehemu iliyo mbele ya nyumba ya bwana shefu, kwa kuwa yeye ndiye mlezi wake wa miaka mingi, na ubao wake ni imara kuliko zetu sote.