Mheshimiwa, Karibu Ulale Busibwabo

Kwa Mheshimiwa Mkubwa,

Jina lako hatulitaji, si kwa woga bali kwa adabu, ukisoma utajijua.

Kero yetu ni ndogo mbele ya majukumu yako. Wenzetu wanaoishi karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, wana ndege za kulalamikia, jambo lenye hadhi. Sisi wa Busibwabo, huku Busia mpakani na Uganda, pamoja na majirani zetu wa Malaba, tumejaliwa matrela tu. Lakini ndege hupita ikaenda zake. Trela hukaa. Foleni ikikwama mpakani, dereva huacha injini ikinguruma, na jenereta ya kontena la baridi huitikia ili samaki wasioze. Saa nane za usiku foleni husogea hatua mbili, breki za hewa zikapiga chafya moja baada ya nyingine, kisha aliye nyuma hupiga honi kumwamsha aliye mbele. Nasi hutuamsha papo hapo, bila malipo ya ziada.

Hatuwalaumu madereva, hao nao hawalali. Wana kero zao pia: walipogoma Januari 2022 kwa sababu ya kupimwa korona upande wa Uganda, foleni ilinyooka kilomita nyingi na mafuta yakaadimika huko ng'ambo.

Tunashukuru sana kwa Kituo cha Pamoja cha Mpakani, kilichozinduliwa hapa Busia Februari 2018 na marais wawili, Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, ili lori lisimame mara moja badala ya mara mbili. Hiyo mara moja, kwa heshima zote, imekuwa ndefu.

Sheria unaijua kutuzidi. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, zinaruhusu desibeli 50 nje ya nyumba za makazi mchana, na 35 kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Trela likipita karibu hufikisha 80 bila kujitahidi, na kwa hesabu ya desibeli hiyo ni nguvu ya sauti iliyozidi kiwango cha usiku zaidi ya mara 30,000. (Huenda waandishi wa kanuni hawakuiwazia barabara kuu, mawakili wako watatufafanulia.)

Hatuombi barabara ifungwe. Mahindi yetu hupita humo, na karo za watoto hutoka humo. Tunaomba yadi ya kuegesha malori mbali na nyumba za watu, madereva waitwe zamu yao ikifika. Tena tunaomba afisa mwenye kipimo cha kelele aje usiku, si saa nne asubuhi baada ya chai.

Ama uje mwenyewe. Chumba kipo, neti ya mbu imetundikwa, na kitanda tumekisogeza upande wa barabara usikose kitu. Ila tunakusihi, kwa unyenyekevu, msafara wako usipige ving'ora. Kuna watoto wanaojaribu kulala.

Wako watiifu,
Wakazi wa Busibwabo