Mhadhara wa Chumvi, Uliotolewa Kwa Mrombo Kabla Nyama Haijaiva

Mabibi na mabwana, wapenzi wa mbuzi choma, na wewe kijana unayepepea makaa: tulieni. Mbele yenu amesimama Bingwa wa Kemia Kanda ya Kaskazini, cheo nilichojitunukia mwenyewe baada ya kukosa mpinzani hapa mezani.

Tazameni kibao hiki. Kando ya pilipili kuna chumvi, nanyi mnachovya bila hata kuiamkia! Sodiamu ni metali laini, hukatika kwa kisu, na ukiitia majini hulipuka. Klorini ni gesi ya kijani-njano iliyoua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Hizo mbili ndizo mnazopaka kwenye mbavu.

Mbona hatufi? Swali la kitoto, lakini nitalijibu. Sodiamu ina elektroni 11, na ya mwisho imekaa nje peke yake. Klorini ina 17, imepungukiwa moja tu itulie. Sodiamu hutoa, klorini hupokea. Moja hubaki na chaji chanya, nyingine hasi, zikavutana. Zimeshakuwa ioni, na ule ukali wote umekwisha. Nasikia mtu wa meza ya nyuma ananong'ona, "Kumbe ni ndoa." Ndoa gani, bwana! Ndani ya punje kila sodiamu imezungukwa na klorini 6, na kila klorini na sodiamu 6. Hakuna wawili wawili. Ndiyo maana punje ina pembe za mraba.

Kijana, tupa chumvi ya mawe kwenye makaa. Mmesikia inavyotatarika? Ni maji yaliyonaswa ndani yake yakigeuka mvuke. Ule mwali wa njano ni saini ya sodiamu. Kuiyeyusha yenyewe kunataka nyuzi joto 801, basi iliyo juu ya nyama haina wasiwasi. Maji, kwa upole wake, huzitenganisha ioni: mililita 100 humeza gramu 36 hivi. Watu wa Uvinza, kule Kigoma, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi mpaka ioni zishikane tena. Hawakuniomba ushauri, nimewasamehe.

Klorini ina ndugu yake, florini, mroho wa elektroni vilevile. Ioni yake, floraidi, imejaa katika maji mengi yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, nayo ndiyo iliyonipaka meno rangi ya kahawia tangu utotoni. Wenzangu wametundika shahada ukutani. Mimi ya kwangu natabasamu nayo.

Nunueni chumvi yenye madini joto, maana watu wa milimani rovu tunalijua. Ifunikeni isinyonye unyevu. Na anayetaka kusogezewa chumvi, tangu leo aombe kloraidi ya sodiamu. Bili ya mbuzi wapelekeeni wanafunzi.